Niliiamini Sabuni

Bibi yangu alipima maji kwa sabuni. Tukirudi kisimani na ndoo kichwani, pale Makunduchi, kusini mwa Unguja, alimega kipande cha sabuni ya mche, akakifikicha kiganjani pamoja na maji, kisha akatazama. Maji ya kisima chetu hayakutoa povu. Yalitoa kitu mfano wa maziwa yaliyokatika, na pembeni mwa beseni ukabaki utando wa kijivu usiotoka mpaka usuguliwe kwa mchanga. Nguo nyeupe zikikauka zilikuwa ngumu kama zimetiwa wanga. "Maji haya yana jiwe ndani yake," alisema, wala hakukosea. Upande ule wa kisiwa umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mvua inayopenya humo huyeyusha chokaa ya mawe kabla haijafika kisimani.

Jiwe hilo tulilikuta tena kwenye birika la chai. Ndani yake lilijijenga gamba jeupe, unene wa ganda la yai, na kila baada ya wiki kadhaa bibi alikamulia ndimu mbili, akamimina maji ya moto, akaliacha usiku kucha. Asubuhi gamba lilibanduka vipande vipande. Maji ya kuoshea nywele na ya kufulia kanga mpya hatukuyateka kisimani. Tulikuwa na pipa chini ya bati, likidaka mvua, na maji yake yalitoa povu mpaka viwiko. Basi nikakua nikijua kuhusu maji jambo moja, kwa uhakika ule wa mtoto: yanayotoa povu ni mazuri, yasiyotoa ni mabaya.

Elimu hiyo niliibeba hadi Arusha.

Niliolewa huko mwaka 2006. Mume wangu, dereva wa watalii, alikuwa amejenga vyumba vitatu Maji ya Chai, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kando ya barabara iendayo Moshi. Jina la mahali lilitosha kuwa onyo: mto unaopita hapo una rangi ya chai ya mkandaa. Lakini maji ya bomba letu, yaliyoshuka kutoka chemchemi ya juu, hayakuwa na rangi wala harufu. Siku ya kwanza nilipofua, povu lilifurika beseni likatiririka uani. Nikampigia mama simu jioni ile ile. Nilimwambia huku maji ni matamu, sabuni inakaa mara mbili, birika halishiki gamba hata kidogo.

Nilipata kazi ya kufundisha katika shule ya jirani. Darasa la tatu kulikuwa na kijana mmoja mwepesi wa hesabu, ambaye kila akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Siku moja kiganja kilichelewa, nikayaona meno yake: ya kahawia, yenye vishimo, kama yamechovywa kwenye ukwaju. Nikamuuliza mbele ya wenzake, "Nyumbani kwenu hakuna mswaki?" Darasa halikucheka. Nilidhani wamekaa kimya kwa adabu. Kumbe nusu yao walikuwa wamefumba midomo.

Aliyenizindua ni mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa hapo, naye akiwa na meno hayo hayo. Alinivuta pembeni wiki chache baadaye. "Mwalimu, haya hayatoki kwa mswaki. Haya ni ya maji." Nilimwomba radhi yule mtoto, lakini radhi inayoombwa faraghani haiwezi kufuta neno lililosemwa hadharani. Hilo limenikaa mpaka leo.

Miamba na majivu ya volkano ya Meru yana madini ya floraidi, kama ilivyo sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Upande wa Kenya, watu wa Nakuru na Naivasha wanayajua meno hayo vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania, kwa kuwa ingebidi ifunge vyanzo vingi katika ukanda huu, iliwahi kuvumilia hadi 8, baadaye 4, kabla ya kushuka kwenye 1.5. Maziwa ya Momela, yale ya flamingo ndani ya Hifadhi ya Arusha, yana mamia ya miligramu. Ikizidi kidogo, floraidi huchafua meno. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huingia mifupani, na miguu ya watoto ikapinda.

Sasa ndilo lililonivunja moyo. Chokaa na floraidi havipatani. Vikikutana majini kwa wingi hushikana na kuganda, vikatuama chini. Kwa hiyo maji yenye chokaa nyingi kwa kawaida hayabebi floraidi nyingi, na maji ya volkano yenye floraidi nyingi mara nyingi hayana chokaa. Ndiyo maana yanatoa povu. (Si kila maji laini yana sumu, ya mvua ni laini kuliko yote.) Kile ambacho bibi alikitukana kisimani kwake kilikuwa mlinzi wa meno yetu, na lile povu nililolisifu kwenye simu lilipaswa kunitia shaka.

Ungetegemea kwamba nikishajua hayo nilinunua chujio linalofaa. Sikununua. Nilinunua chujio zuri kwa tatizo jingine. Binti yetu alizaliwa mwaka 2009, nami nikawa mama mwenye bidii: nikachukua chujio la ndoo mbili lenye mishumaa ya udongo mweupe, nikayachemsha maji kwanza, na kwa kuwa nilimwogopea mtoto, niliyaacha yatokote dakika ishirini nzima. Mishumaa ile hukamata tope na vijidudu vingi, na kuchemsha huua vijidudu. Floraidi haina habari na moto. Maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, floraidi hubaki yote, kwa hiyo kila dakika ya bidii yangu iliongeza ukali wake kidogo.

Mwaka 2016 meno ya mbele ya ukubwani ya binti yetu yakachomoza. Yalikuwa na mistari myeupe kama chaki, na mawili ya kati yalikuwa na madoa ya kahawia. Daktari wa meno alinieleza kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi. Meno yale yalijengwa ndani ya fizi akiwa na mwaka mmoja na nusu hadi mitatu. Maji aliyokunywa wakati huo ndiyo yaliyoandikwa hapo. Chujio lolote nitakalonunua leo halitafuta kitu. "Ana mdogo wake?" aliuliza. Nikasema ndiyo, wa mwaka mmoja. "Basi nenda kashughulikie maji ya huyo."

Nilitoka pale nikiwa tayari kununua chochote, na mtu aliye tayari kununua chochote hakosi muuzaji. Wetu alikuja Jumamosi, kijana nadhifu mwenye tai, na begi. Aliomba glasi ya maji ya bombani, akaweka glasi ya pili yenye maji yake mwenyewe, kisha akatumbukiza kwenye zote mbili kifaa chenye vijiti vinne vya chuma na kukichomeka kwenye umeme. Haikupita dakika, maji yetu yakaanza kugeuka: njano, kahawia, hatimaye kitu cha kijani na ugoro unaoelea. Yake yalibaki angavu. "Hiki ndicho watoto wenu wanakunywa," alisema. Mume wangu alikuwa ameshaanza kuuliza kama anapokea kwa awamu. Bei ilikuwa shilingi 1,400,000.

Bahati yetu, jirani anayefundisha kemia sekondari alikuwa amekuja kuazima ngazi. Alisimama mlangoni akatazama, kisha akaniambia, "Mama, nipatie chumvi." Nikamletea kopo. Akachukua kijichembe, akakitia kwenye glasi ile angavu ya muuzaji, akakoroga kwa kidole, akarudisha vijiti. Nayo ikageuka kahawia vile vile, ugoro juu. Hakuna aliyesema neno. Kijana alianza kukunja waya.

Uchafu ule haukutoka majini, ulitoka kwenye vijiti. Maji yenye chumvichumvi hupitisha umeme, umeme ukamumunya chuma, chuma kikageuka kutu mbele ya macho yetu. Maji yaliyoondolewa chumvi zote hayapitishi umeme wa kutosha, kwa hiyo hayabadiliki. Maonyesho hayo hayasemi lolote kuhusu floraidi, wala vijidudu, wala kitu chochote cha kumdhuru mtu. Kile kikalamu cha kidijitali ambacho wauzaji hukichovya majini, kikaonyesha namba, nacho ni ndugu wa mchezo huo: kinahesabu jumla ya chumvi zilizoyeyuka, bila kujua ni zipi.

Na hapa ndipo penye kichekesho. Mtambo wenyewe ulikuwa mzuri! Ulikuwa ule wa utando, ambao mafundi huuita RO, unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo sana, na kwa kweli huondoa sehemu kubwa ya floraidi. Kijana alikuwa akiuza kitu cha kweli kwa uongo. Angetuuliza tu maji yetu yana nini, huenda tungenunua.

Hatukununua, na si kwa sababu ya hasira. Jirani alikaa nasi baada ya hapo, ngazi imesahauliwa, akatuuliza maswali ambayo hakuna muuzaji aliyewahi kuuliza. Tangi lenu liko juu kiasi gani? Mita tatu. Kila mita moja ya kimo hutoa msukumo wa bar 0.1 hivi, kwa hiyo tuna 0.3, na mtambo ule unataka kama 3, maana yake pampu na umeme usiokatika. Maji yanatoka mara ngapi kwa wiki? Mara tatu. Mtambo wa nyumbani wa aina ile humwaga lita kadhaa kwa kila lita inayobaki, na mtaa unaopata maji mara tatu kwa wiki hauna lita za kumwaga. Halafu swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: "Mmeyapima?"

Hatukuwa tumepima. Miaka kumi ndani ya nyumba, tumenunua mishumaa, gesi na madumu ya maji ya dukani, hatujapima.

Nilipeleka chupa ya plastiki kwenye maabara ya maji ya serikali mjini. Ya plastiki kwa makusudi, kwa sababu floraidi inaweza kuingiliana na kioo na jibu likapotoka. Niliisuuza mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kuijaza. Ya vijidudu walinipa chupa yao iliyotakaswa, niipeleke ikiwa kwenye ubaridi siku hiyo hiyo. Majibu yalirudi kwenye karatasi moja. Ugumu wa maji: 40, yaani laini kabisa, kwa kawaida yakivuka 180 ndiyo huitwa magumu sana. Vijidudu: hakuna. Floraidi: 6.8. Zaidi ya mara nne ya kiwango. Karatasi ile ilifuta nusu ya vitu vilivyopangwa madukani. Mashine ya kulainisha maji hubadilisha chokaa kwa chumvi ya sodiamu. Sisi chokaa hatuna. Chujio la mkaa wa kawaida huondoa harufu na klorini. Hatuna harufu, na floraidi hupita humo kama mwenyeji. Taa ya urujuanimno huua vijidudu, hatuna. Tulichohitaji ni kitu kinachokamata floraidi, basi.

Hicho kilikuwa karibu kuliko tulivyodhani. Ngurdoto, mwendo mfupi kutoka kwetu, kuna kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kinachoshughulikia uondoaji wa floraidi, na dawa yao inayojulikana zaidi ni mkaa wa mifupa. (Chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha nako Dk. Askwar Hilonga alibuni chujio lake la mchanga lenye chembe za nano, likampatia mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi kutoka Uingereza. Sisi tuliishia kwa mifupa kwa sababu ya ukaribu na bei.) Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500, husagwa, huoshwa, hujazwa kwenye ndoo yenye bomba. Mfupa umeumbwa kwa madini yale yale ya jino, kwa hiyo floraidi iliyokuwa ikienda kukaa kwenye jino la mtoto hunaswa na mfupa njiani. Niliambiwa niangalie rangi: punje ziwe za kijivu kuelekea nyeusi. Za kahawia hazikuiva, zitanusisha maji harufu ya supu iliyolala. Nyeupe zimeungua kupita kiasi, hazishiki tena.

Mama yangu alipokuja kutembea aliikuta ndoo jikoni. "Mifupa ya mnyama gani hii?" Ya ng'ombe, mama. "Kachinjwa na nani?" Sikuwa na jibu. Ilibidi mume wangu aende kuuliza inakotoka. Ilitoka machinjioni, akamweleza. Mama hakusema kitu. Siku mbili alikunywa maji ya chupa. Ya tatu nilimkuta anajimiminia kwenye ndoo, akaniambia nisimtazame.

Kasoro ya ndoo ile ni kwamba haijui kulalamika. Mshumaa ukiziba, maji huanza kudondoka polepole, ukajua. Mkaa wa mifupa ukishiba floraidi, maji hutoka kwa kasi ile ile, ladha ile ile, na floraidi yote ndani. Tuliambiwa tubadilishe baada ya miezi kadhaa kulingana na matumizi. Tukasahau. Mwaka na zaidi ukapita. Nilipopima tena, ndoo iliyoanza kwa kutoa maji ya chini ya 1 ilikuwa ikitoa 5. Tangu hapo tarehe ya kubadilisha imeandikwa kwa kalamu nene juu ya mfuniko, na upimaji unafuata mihula ya shule.

Tuligundua pia kwamba maji ya kunywa ni nusu tu ya hesabu. Maharage, makande na uji hunywa maji yote ya sufuria. Na huku kwetu makande hutiwa magadi yalainike upesi; magadi ya ukanda huu nayo yana floraidi, mengine nyingi mno. Nililoweka maharage usiku, magadi nikayaacha. Majani ya chai nayo yana yake, kwa hiyo watoto wadogo wakahamia kwenye maziwa. Maji ya kuoga, kufua na kudeki hatukuyagusa, kwani floraidi haipenyi ngozi kwa kiasi cha kumshughulisha mtu.

Hesabu ya kunywa na kupika kwa watu watano ilitoka lita 20 kwa siku. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ni siku kama 150. Lita 3,000. Niliitazama namba hiyo jioni moja nikasikia kama bibi ananiita kutoka uani. Kila mita moja ya mraba ya bati, ikinyeshewa milimita moja, hutoa lita moja. Masika ya Meru si ya milimita moja. Tukafunga gata, tukanunua simtenki la lita 5,000, kwa pungufu ya bei ya mtambo wa yule kijana. Mvua ya kwanza tunaiacha ioshe bati, ipite na kinyesi cha ndege. Inayofuata ndiyo inaingia. Maji hayo nayachemsha, na safari hii kuchemsha ni sahihi, maana hakuna floraidi ya kukolezwa. Vuli ikikosa, ndoo ya mifupa ipo.

Mwaka jana binamu yangu alinipigia kutoka Makunduchi. Ameona mashine mjini, anataka kujua mimi natumia ipi ili anunue hiyo hiyo. Nilimwomba apime kwanza. Alikasirika kidogo, akapima. Chokaa imejaa, kama tulivyojua tangu enzi za bibi. Floraidi kidogo sana. Lakini vijidudu vya kinyesi vilikuwemo: shimo jipya la choo la jirani lilikuwa hatua chache kutoka kisimani, na jiwe la matumbawe lina matundu kama sifongo. Mkaa wangu wa mifupa usingemsaidia kitu, na mashine ya kulainisha aliyoiona mjini ingemletea povu zuri na kuhara kule kule. Anatia klorini sasa, na maji ya watoto anayachemsha. Kwa birika, nilimwambia atafute ndimu.

Mdogo wa binti yangu alitoa meno ya mbele mwaka 2022. Ni meupe, yana vimistari hafifu ambavyo huvioni mpaka uambiwe. Dada yake ana miaka ya kusimama mbele ya kioo sasa, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Kila nikiuona mkono ule, namkumbuka yule mtoto wa darasa la tatu.

Kama unaishi Meru, Arumeru, Nakuru, au popote ambapo watu wazima wana meno ya kahawia na sabuni inatoa povu jingi, na nyumbani una mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu, usimwite muuzaji. Jaza chupa ya plastiki, ipeleke maabara wiki hii, uliza floraidi.